Kiharusi: kabla hujampa mgonjwa hata funda la maji

Mdomo umepinda, mkono mmoja hauinuki, maneno yanakwama: tazama saa. Andika mara ya mwisho mgonjwa alionekana mzima saa ngapi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, hivyo aliye kisiwani Ukerewe asiambiwe apumzike kwanza hadi kivuko cha kesho. Msimpe aspirini wala vidonge vya presha vya jirani. Mshipa wa ubongo huenda umeziba, huenda umepasuka. Kwa macho hakuna ajuaye, mpaka kipimo cha CT (picha ya ndani ya ubongo) kama cha hospitali ya Bugando, Mwanza. Sukari nayo ipimwe mapema, maana ikishuka sana huiga kiharusi.

Uji pia hapana. Hapa huruma ya ndugu ndiyo inayoponza: koo lililolegea hupitisha chakula kwenye njia ya hewa, pengine bila hata kikohozi, na siku chache baadaye ni homa ya mapafu. Muuguzi ampime kumeza kwanza.

Akisharuhusiwa kula:

1. Mkalishe wima, awe macho kabisa, kichwa kisiegemee nyuma.
2. Kijiko cha chai kimoja, upande wa mdomo wenye nguvu. Kikoromeo kipande na kushuka ndipo uongeze.
3. Maji matupu hukimbia kooni kuliko uji mzito. Fuata uzito ulioelekezwa hospitali. Samaki kama sato mchambue kwa vidole (macho hayaoni miiba yote), kisha mponde na mchuzi. Dagaa wakavu wasubiri.
4. Pekua shavu lililopooza, mabaki hujificha humo. Mswakishe.
5. Abaki amekaa nusu saa.

Akipaliwa, au sauti ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, acha kulisha na umrudishe akapimwe.

Kitandani mgeuze kila baada ya saa 2, usiku pia, asipate vidonda vya kulalia. Usimvute kwa mkono uliopooza, bega litateguka. Shika nyuma ya bega na nyonga, mviringishe. Mkono huo uwekee mto. Mto mwingine chini ya mashavu ya miguu, visigino vielee. Kila ukimgeuza kagua kiuno, nyonga na visigino. Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu: papasa kama pana joto au pamekuwa pagumu. Ukipata mahali hapo usipasugue, ila asipalalie tena.