Kuendelea na Mazoezi ya Kuogelea Ukiwa Safarini: Mwongozo kwa Waogeleaji wa Dodoma

Kwa muogeleaji wa Dodoma, jambo linalokatiza mazoezi mara nyingi kuliko ugonjwa au uvivu ni safari. Mji huu ni makao makuu ya serikali, na wengi wetu tunaofanya kazi hapa huitwa Dar es Salaam, Arusha, Mwanza au Mbeya kwa siku tatu, kwa wiki nzima, na wakati mwingine kwa mwezi. Nimesafiri hivyo kwa miaka kadhaa huku nikijitahidi nisiache maji, na nimefikia msimamo mmoja ambao ndio msingi wa maelezo yote yanayofuata: ukiwa safarini, dakika 20 majini kila baada ya siku moja zina faida kubwa kuliko saa mbili zinazoogelewa mara moja, siku ya mwisho, kwa kujutia siku zilizopotea.

Sababu yake ni hii. Nguvu za misuli hazipotei kwa wiki moja, na hata uwezo wa moyo na mapafu huanza kupungua kwa kiasi cha kuonekana baada ya takriban wiki mbili za kukaa bure. Kinachotangulia kuondoka ni ule ustadi wa kiganja na kigasha wa kuyashika maji na kuyasukuma nyuma. Ukikaa siku sita bila kuogelea, siku ya saba mkono unateleza tu, na umbali uliokuwa ukiumaliza kwa mikono 20, yaani mivuto 20 ya mkono, unakudai mikono 23. Kwa hiyo punguza urefu wa zoezi, lakini usipunguze idadi ya siku. Na ndani ya zoezi hilo fupi bakiza sehemu ya kasi, kwa kuwa mwili huhifadhi uwezo wake kwa makali ya zoezi zaidi kuliko kwa wingi wake.

Kabla ya kuondoka

Siku moja au mbili kabla ya safari, ogelea mita 25 mara nne kwa mtindo huru, yaani kifudifudi ukizungusha mikono kwa zamu, kwa mwendo wako wa kawaida, uhesabu mikono kila mara na kuandika hesabu hiyo pamoja na muda. Utaihitaji ukirudi.

Kisha piga simu unakokwenda kulala. Hoteli au nyumba ya wageni ikisema ina bwawa, haijakueleza chochote, kwa maana bwawa linaweza kuwa la mita 25 na linaweza kuwa dimbwi la watoto lenye umbo la yai. Picha hazisaidii, kwa sababu hupigwa kutoka pembeni ili maji yaonekane mengi. Uliza urefu wake kwa hatua za mtu mzima kama hawajui mita, kina chake upande wenye kina kifupi na upande wenye kina kirefu, saa ya kufungua asubuhi, na kama linaruhusiwa kutumika kabla ya kifungua kinywa. Swali la saa ndilo muhimu kuliko yote kwa msafiri wa kikazi. Semina ikianza saa mbili na nusu na bwawa likifunguliwa saa tatu, umebaki na jioni, wakati ambapo watoto wamejaa na hakuna nafasi ya kunyoosha mkono. Mara nyingi nimeomba kwa adabu nifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi, nikaeleza kwamba ninafanya mazoezi, na nikakubaliwa. Ombi hilo hupokelewa vizuri zaidi likitolewa kwa simu mapema kuliko likitolewa alfajiri kwa mlinzi asiye na ufunguo.

Uliza pia kuhusu mavazi. Mabwawa mengi hukataa nguo za pamba, na dada zetu wanaoogelea kwa mavazi ya kujisitiri wafafanue mapema kwamba vazi lao limeshonwa kwa kitambaa cha kuogelea, ili wasizuiwe wakiwa tayari wamefika ukingoni.

Vitu vya kubeba ni vichache: miwani miwili ya kuogelea, kwa kuwa mmoja ukikatika ukiwa Nzega hutapata mwingine, kofia ya rangi kali, vazi la ziada, mafuta ya mgando, na futi ya fundi cherehani, ile ya sentimita 150. Futi hiyo ina kazi yake. Ukifika, pima kigae kimoja cha ukingoni, hesabu vigae vya upande mrefu, zidisha, na utakuwa na urefu halisi wa bwawa badala ya ule wa kukisia.

Ongeza mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, ambao fundi yeyote wa baiskeli atakuuzia kwa bei ndogo baada ya kuondoa pale penye valvu. Ukatwe kwa urefu upate vipande viwili vya takriban mita mbili kila kimoja. Kipande kimoja ni cha mazoezi ya chumbani na kingine ni cha majini, kama nitakavyoeleza.

Bwawa fupi

Kabla ya kuingia katika bwawa lolote, simama upande wenye kina kirefu uangalie chini. Kama huoni sakafu na kifuniko cha tundu la kutolea maji kwa uwazi, usiingie, hata kama wengine wamo. Harufu kali ya klorini nayo isikutulize, kwa sababu mara nyingi hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo, na maji yaliyotunzwa vizuri hayanuki sana.

Sasa chukua mfano wa bwawa la mita 12, ambalo ni la kawaida kabisa mahotelini. Muogeleaji akisukuma ukuta na kuteleza, mita nne au tano zimekwisha kabla hajavuta mkono hata mmoja. Akienda na kurudi mara 40 atajihesabia karibu kilomita moja, ilhali theluthi yake au zaidi imefanywa na miguu ikisukuma ukuta. Ndiyo maana ninashauri uache kabisa kuhesabu mita na uhesabu dakika. Ninashauri pia usiuguse ukuta: ukibakisha mita moja hivi, kunja magoti, jizungushe palepale majini, na uanze upya kutoka kwenye kusimama. Kuanza bila msukumo wa ukuta huilazimisha mikono ifanye kazi yote, na baada ya dakika kumi utahisi mabega yamechoka kwa namna ambayo bwawa refu halichoshi.

Zoezi ninalolitumia huchukua dakika 25. Dakika tano za kwanza ni za kupasha mwili, nikibadilisha mtindo huru na mtindo wa mgongo, yaani chali. Zinafuata duru nane za dakika moja kwa kasi kubwa, kila moja ikifuatiwa na pumziko la nusu dakika. Baada ya hapo ninakwenda kwenye kina nisichofikia chini kwa miguu na kupiga mateke nikiwa wima, mikono imekunjwa kifuani, sekunde 20 za mateke na sekunde 40 za kushika ukingo, mara nne. Dakika nne za mwisho ni za kuogelea polepole, nikisikiliza kiganja kinavyoyapokea maji. Mateke ya wima yanaonekana mepesi kwa mtu anayetazama, lakini ni vigumu kupata zoezi jingine linalofichua haraka hivyo udhaifu wa vifundo vya miguu na nyonga.

Bwawa likiwa fupi kuliko mita nane, tumia mpira wa baiskeli. Funga ncha moja kwenye mkanda kiunoni, upande wa mgongoni, uunganishe ncha ya pili na kamba, na kamba uifunge kwenye nguzo au ngazi iliyokazwa imara, baada ya kuomba ruhusa na kuivuta kwa nguvu ukiwa nje ya maji. Ogelea hadi mpira unyooke, kisha endelea kuogelea ukiwa umesimama mahali pamoja. Chagua kigae kimoja sakafuni chini ya macho yako: kikikaa palepale, kasi yako ni sawa, kikisogea mbele, unavutwa nyuma. Fanya duru sita za dakika mbili kwa pumziko la dakika moja, na katika sekunde 15 za mwisho za kila duru jaribu kukifikia kigae kinachofuata. Mpira huelekea kuzamisha nyonga, kwa hiyo mateke yasilegee. Fundo la kiunoni liwe la kufunguka kwa mkono mmoja, na asikosekane mtu mwingine ukingoni anayekuona.

Kuhusu kubana pumzi, sitatumia maneno laini. Usifanye mazoezi ya kukaa chini ya maji ukiwa peke yako, na usipumue haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama ukidhani unajaza hewa. Kupumua huko hupunguza kabonidayoksaidi, ambayo ndiyo huuamsha mwili kutaka hewa, na mtu anaweza kuzimia majini bila kuonywa na chochote. Wala usiruke kwa kichwa katika bwawa usilolijua kina chake.

Pwani

Anayekwenda Dar es Salaam amepewa zawadi ya bahari, nayo inaogelewa kwa kalenda. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu na mikondo huwa na nguvu. Wakati wa maji mafu, yaani siku za mwezi nusu, bahari hutulia zaidi. Panga kuogelea katika saa moja kabla ya maji kujaa kabisa, asubuhi kabla upepo haujaamka, sambamba na ufuo na pale unapoweza kusimama, ukiwa na mwenyeji anayeujua ufuo huo. Vaa kofia ya rangi kali ili wenye boti na ngalawa wakuone, na kila baada ya mikono minane inua macho utazame alama uliyoichagua nchi kavu. Pakaa mafuta ya mgando shingoni na makwapani, kwa sababu chumvi huchubua ngozi inaposuguana. Baada ya mvua kubwa za masika, acha bahari kwa siku kadhaa, kwa kuwa mito huteremsha uchafu wa jiji.

Mwili wa mtu wa Dodoma, aliyezoea mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa kavu, hupata pumzi nyepesi kule chini lakini huelemewa na joto lenye unyevu. Hutaona jasho ukiwa majini, ingawa linatoka; kunywa maji kabla na baada. Ukielekea Iringa au Mbeya mambo hugeuka: hewa ni nyepesi zaidi na maji ya Juni na Julai ni baridi, hivyo siku mbili za kwanza ongeza mapumziko kati ya duru bila kupunguza ubora wa mkono.

Maziwa na mabwawa ya mashambani

Hapa nazungumza na wenzangu wanaopita bwawa la Mtera wakienda Iringa, au wanaofikia Mwanza na Kigoma na kuona maji mapana yanang'aa. Mtera ina mamba na viboko, na kingo za Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika zina sehemu zenye mamba na zenye kichocho. Vimelea vya kichocho hutoka kwenye konokono wa maji baridi na kupenya hata ngozi isiyo na jeraha kwa dakika chache tu, na kujifuta kwa taulo hakutoshi kukukinga. Bwawa la Hombolo, lililo karibu na nyumbani, lina historia hiyohiyo ya kichocho. Maji ya bahari na ya bwawa lenye klorini ya kutosha hayana tatizo hili. Kama umekwisha kuingia, mweleze daktari ukirudi, naye akupangie muda wa kupima, kwa kuwa dalili huchelewa kwa wiki kadhaa na dawa yake, prazikwanteli, inapatikana.

Siku isiyo na maji

Zipo siku za kukaa basini kutoka alfajiri, ukipita Manyoni, Singida na Shinyanga, na kufika usiku bila hamu ya chochote. Basi linaposimama, shuka, inua mikono juu, zungusha mabega, na kunja vifundo vya miguu. Chumbani, pitisha mpira wa baiskeli kwenye kitasa cha mlango uliofungwa kwa ufunguo, inama kiunoni mgongo ukiwa bapa, na uvute kwa mikono yote miwili kuanzia mbele ya kichwa hadi mapajani, viwiko vikibaki juu kuliko viganja. Vuta sekunde 40, pumzika 20, mara kumi. Kiwiko kikishuka, punguza nguvu, kwa sababu kosa unalolirudia chumbani utalipeleka majini. Malizia kwa kujilaza kifudifudi ukijiinua kwa vigasha na vidole vya miguu kwa nusu dakika, mara nne.

Ukirudi Dodoma

Siku ya kwanza usijaribu kulipa deni. Ogelea nusu ya umbali wako wa kawaida, sehemu kubwa polepole, kisha rudia zile mita 25 mara nne na kuhesabu mikono. Hesabu ikizidi ile ya mwanzo kwa mkono mmoja, endelea na ratiba yako kuanzia kesho. Ikizidi kwa miwili au mitatu, tenga mazoezi matatu yanayofuata kwa ajili ya mkono tu, bila kushindana na saa, na uongeze umbali pale hesabu itakaporudi ulipoiacha.