Namna ya kupita siku nzima ya kufundisha Kingereza Lubumbashi kama umekuya kujitolea

Yambo yenu. Hii naandikia nyinyi benye munakuya Lubumbashi kujitolea kufundisha Kingereza, uwe umetoka Dar, Nairobi, Ndola ao Ulaya, na sanasana wewe mwenye unajua Kiswahili tayari, juu utafikiri kazi itakuwa mwepesi. Ku soko na mu taksi ndiyo, itakuwa mwepesi. Mu klasi njo kuko kazi. Siku moja inaweza kukupatia klasi ine za batoto 50 ao 60, mvua kati kati, prefe, mukubwa wa shule, anakuita ku biro, kisha mangaribi bakubwa benye banatoka kazini banakungojea, na bote banataka kuongea Kingereza leo hii hii. Mi nafundisha hapa hapa na njo siye tunapokeaka balimu benye banatoka inje, na kintu ya kwanza nabaambiaka ni hii: kila saa, kintu moja tu. Usiingie na leso (somo) ya kurasa kumi. Chagua sentensi moja yenye unataka kila mutoto atoke nayo mu kinywa, hiyo basi, zingine ziko za kusaidia ile.

Siku yenyewe inaanzaka jana yake mangaribi. Chaji telefone na taa wakati kuran (umeme) iko, usingojee usiku juu inaweza kwenda na isirudi paka asubui. Weka chaki yako mwenyewe mu mufuko. Kisha tafuta karatasi ya mufuko wa simenti, ile ya kaki ya ndani, ipanguse muzuri, ikate, na uandike juu yake na markere maandishi makubwa yenye muntu wa nyuma kabisa anaweza kusoma. Unaitundika na kamba juu ya tablo (ubao), unaitumia ku klasi zote ine, na haupotezi dakika kumi kila saa ukigeukia batoto mugongo juu ya kuandika. Projekta na video acha nyumbani kabisa, mi sioni faida yake hapa.

Kintu ingine ya kupanga mbele ni makaratasi. Mwalimu wa Kongo anafundishaka na fishi ya maandalio, kaye yenye anaandika masomo ya kila siku, na ile mupango wa mwaka yenye benyewe banaita previzyo. Omba mwalimu mwenye klasi akuonyeshe previzyo yake, uone amefika wapi, na leso yako iingie pale pale. Ukifundisha kintu chako cha pembeni, ukienda yeye njo atabaki na deni ya programu na batoto bake beko na egzame. Hiyo ni heshima ya kwanza kwa mwenzako.

Asubui fika 7h00, juu masomo (mashule) mingi inaanzaka 7h30 na kuko bendera mbele. Kama umetoka Dar ao Nairobi rudisha saa yako nyuma saa moja, ya Ndola iko sawa na yetu. Vaa muzuri, viatu visafi, hapa bantu banaangaliaka mwalimu kuanzia chini. Salimia sentineli (mulinzi), kisha uende kwa prefe mbele ya kuingia klasi yoyote, hata kama umechelewa. Ukiingia batoto bote banasimama na banakuimbia "Good morning teacher" kwa sauti moja, baitikie, baambie bakae, na uanze.

Sasa ile saa yenyewe. Nakupatia mufano wa miaka juu njo naitumiaka sana. Mutoto wa hapa anasema "niko na miaka 15", na ku Kifaransa ya masomo pia miaka ni kintu muntu iko nayo, kwa hiyo ukimuuliza ku Kingereza lazima atakuambia "I have 15 years". Amefuata lugha zake mbili muzuri kabisa, usimukatize mbele ya benzake. Andika ku tablo "How old are you?" na chini "I am 15". Sema weye mara tatu, bo baseme mara tatu bote pamoja, kisha achana na kuimba. Deski iko na batoto batatu ao bane: wa kushoto aulize wa kati, wa kati ajibu na aulize wa kuume, kisha barudie kutoka kule. Unapiga mikono, bale ba deski ya mbele banageuka nyuma na kuuliza bale ba deski inayofuata. Itakuwa makelele, iache, ile makelele njo kazi yenyewe, batoto 60 benye banaongea dakika tano banafanya mazoezi mingi kuliko mutoto moja moja mwenye anasimama mbele wengine banalala. Weye tembea, chagua kona moja tu, inama, sikiliza. Saa ingine kona ingine. Kisha ongeza kidogo: "How old is your brother?", na pale utasikia bale benye beko na bandugu saba banahesabu, banacheka, na "I have" inaanza kupotea yenyewe.

Mbele ya kuanza ile kelele, ambia klasi ya jirani. Mwalimu wa jirani akikasirika siku ya kwanza, utamuona hivyo mwezi muzima.

Juu ya Kiswahili mu klasi, bengine banasema Kingereza paka Kingereza. Mi sikubali. Ku masomo mingi ya serikali batoto banaanzaka Kingereza paka ku sekondere, na ukibaelezea muchezo mupya na Kingereza yenye habajaisikia, nusu ya saa inaisha bila kintu. Eleza mara moja na Kiswahili, onyesha na mikono, kisha rudi ku Kingereza na ubaki kule. Na nakuomba kwa roho yote: usianze kusahihisha Kiswahili yao. Utasikia "batoto", "kintu", "njo", utasikia Kifaransa imeingia ndani, hiyo njo Kiswahili ya Lubumbashi, bazazi bao na bankambo bao banaiongea tangu zamani ya migodi. Mutoto mwenye amechekwa juu ya lugha ya nyumbani hatafungua kinywa ku lugha ya ugenini, nimeona batoto benye akili sana banajifunga vile na inaniuma.

Mvua. Kuanzia mwezi wa 11 paka wa 4 inaweza kukuya saa yoyote, na ku klasi ya mabati bila plafo (dari) hausikii hata sauti yako mwenyewe. Usishindane nayo, koo itaharibika na kuko klasi zingine mbele. Kila deski ichukue karatasi moja iandikie deski ingine barua ya sentensi tatu, majina, miaka, kintu banapenda, kisha bapitishe, bale bajibu chini yake. Bote banaandika, kimya. Mvua ikipunguka basome kwa sauti. Mi naweka hii muchezo tayari kila siku hata jua ikiwaka.

Saa sita kula. Bukari (ugali) na mboga, maji mingi, na ukae kimya kidogo. Ukiendelea kuongea na balimu wakati wa kupumuzika, mangaribi hautakuwa na sauti.

Na mangaribi njo kuna bakubwa, na kwa mi hii njo saa ya maana kuliko zote. Kasumbalesa iko karibu kilometa 90 na siye, ngambo yake ni Zambia na kule Kingereza njo lugha ya serikali. Mu klasi yako utakuwa na bashofere, ba deklara benye banashugulika na makaratasi ya duane (forodha), ba mama benye banaleta bintu kutoka ngambo. Habana wakati ya hadisi ya mufalme. Banataka bei, kilo, tarehe, na kuuliza karatasi yao imekwama wapi. Omba moja alete fakitire (ankara) ya kweli, mufunike jina na namba, na mufanye kazi juu yake: "How much is one bag?", "It is too expensive", "When will it be ready?". Moja muuzaji, moja munuzi, kisha babadilishane. Baite Papa na Mama, kamwe jina kavu, na mama mwenye amekosea mbele ya kijana wa miaka 20 usimusahihishe pale, rudia tu sentensi yake muzuri kama vile unamujibu, atasikia mwenyewe na ataisema tena.

Utaombwa bintu. Minervali (feza ya shule) ya mutoto, barua ya kwenda Ulaya, leso ya peke nyumbani. Usiahidi kama hauna hakika, hata kwa huruma. Sema "Mama, hiyo sina uwezo nayo", na kama ni ya mutoto wa masomo mupeleke kwa prefe. Na picha za batoto usipige juu ya kuweka ku intaneti bila ruhusa ya masomo na ya bazazi.

Mbele ya kulala, hata kama umechoka namna gani, fungua kaye moja ya kazi na uandike: klasi gani, sentensi gani, kona gani haujaisikiliza bado, Papa gani anaonaka vibaya tablo na inafaa akae mbele. Kaye ile usirudi nayo kwenu. Muachie mwalimu mwenye klasi siku unaenda, na ukae naye chini mupitie ukurasa kwa ukurasa juu aelewe maandishi yako.