Dari ikivuja: namna ya kuripoti matengenezo ya nyumba ya kupanga mpaka yafanyike

Katika majengo ya ghorofa ya Dar es Salaam, matengenezo mengi hukwama kwa sababu ya ujumbe wa aina hii: "Bomba limeharibika, naomba fundi." Mwenye nyumba hajui ni bomba lipi. Msimamizi wa jengo anamtuma fundi asiye na vifaa, fundi anaangalia juu, anasema atarudi kesho, na wiki inakatika. Mpangaji anayeweza kueleza tatizo linaanza saa ngapi na linakoma lini huletewa fundi anayefaa mara ya kwanza. Kwa hiyo uchunguzi hutangulia simu.

Tuanze na dari ya choo au jiko inayodondosha maji, maana ndiyo inayogombanisha majirani kuliko kitu kingine chochote. Maji hayo yana vyanzo vitano vya kawaida, na kila kimoja kina saa zake.

Bomba la maji safi likipasuka, maji hudondoka usiku na mchana kwa kasi ileile, hata jirani wa juu akiwa safarini, kwa sababu bomba hilo lina presha wakati wote. Yakikoma siku tangi la jengo limekauka na kuanza tena maji yakirudi, hapo huna haja ya kutafuta zaidi. Bomba la maji machafu ni tofauti: hudondosha dakika chache baada ya mtu kuoga au kuflashi, kisha hukauka. Sakafu ya bafu iliyopoteza kizuia maji chini ya vigae huja polepole. Doa hukua baada ya watu kadhaa kuoga na huendelea kulowa kwa saa nyingi, kwa sababu zege limenyonya maji na linayaachia kidogokidogo. Kiyoyozi cha juu ambacho bomba lake la kutolea maji limeziba hulowesha sehemu ya ukutani karibu na dirisha, na huacha kinapozimwa. Mwisho ni mvua, kwa walio ghorofa ya juu kabisa: tatizo hujitokeza masika na vuli, na mara nyingi chanzo ni majani na mchanga vilivyoziba tundu la kutolea maji kwenye paa la zege.

Kama bado huna hakika, mwombe jirani wa juu jaribio la jioni moja. Saa ya kwanza asitumie maji kabisa. Kisha aflashi mara tatu, msubiri dakika 15. Kisha amwage ndoo ya lita 10 kwenye sinki, msubiri tena. Mwisho azibe tundu la sakafu ya bafu kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki, aweke maji yenye kina cha sentimita 2, yasivuke kizingiti, ayaache saa mbili au zaidi. Jambo moja kwa wakati mmoja, la sivyo hamtajua lipi limeleta tone. Ikiwa ni jaribio la mwisho tu lililolowesha dari, kubadilisha mabomba ni kupoteza fedha. Vigae vinapaswa kung'olewa, kizuia maji kipakwe upya, na kipande juu ukutani pia, hasa pale anapooga mtu. Mafundi wengi hupaka tu saruji nyeupe kwenye maungio ya vigae. Hiyo hushika miezi michache, kisha doa linarudi palepale.

Maji yakikaribia taa, zima breka ya taa kwenye boksi la umeme, usitegemee swichi ya ukutani. Swichi inakata taa, lakini waya wenye umeme huenda bado uko kwenye maungio juu ya dari. Na dari ya jipsamu ikivimba kama tumbo, weka ndoo chini na utoboe katikati ya uvimbe kwa bisibisi ukiwa umesimama pembeni. Tundu dogo huziba kwa gharama ndogo, lakini dari ikianguka ni bodi nzima pamoja na vilivyo chini yake.

Bili ya maji inayopanda bila sababu nayo ina kipimo chake. Funga koki zote usiku, piga picha ya mita, subiri dakika 30 bila mtu kuflashi, piga nyingine. Namba ikisogea, kuna mvujo upande wako wa mita. Mtuhumiwa wa kwanza ni tangi la choo: tia matone ya rangi ya chakula ndani yake, usiflashi kwa dakika 20, kisha tazama bakuli. Rangi ikishuka, mpira wa chini umechakaa au una mchanga. Kwa koki inayotiririsha matone, kinga chupa ya nusu lita. Ikijaa kwa saa moja, hizo ni lita 12 kwa siku na 360 kwa mwezi, namba ambayo mwenye nyumba anaielewa haraka kuliko malalamiko. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo majengo mengi ya Dar hutumia, hula washa, yaani kimpira cha ndani ya koki, na kuziba bomba la mvua la kuogea. Hilo la pili lifungue na uliloweke kwenye siki usiku mzima kabla ya kulalamikia presha.

Presha yenyewe inahesabika. Kila mita 10 za kimo kutoka kwenye maji ya tangi hadi kwenye koki hutoa takriban bar 1, kipimo cha presha. Ndiyo maana ghorofa ya juu, ambayo iko mita 2 tu chini ya simtanki, hupata bar 0.2 na hita ya papo kwa papo inakataa kuwaka, wakati wa chini wanaoga vizuri. Hapo fundi wa hita hana la kufanya. Dawa ni pampu ndogo ya kuongeza presha au kuinua tangi, na hayo ni maamuzi ya mwenye jengo.

Nani alipe? Kama mkataba haukusema vingine, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inamtaka mwenye nyumba anayepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta kuu na za nje, mabomba makuu ya maji machafu na maeneo ya pamoja kama ngazi na korido, na nyumba ya kuishi ibaki inafaa kukaliwa na binadamu muda wote wa upangaji. Globu, washa ya koki, sinki lililozibwa na mafuta ya kupikia na kitasa ulichokivunja mwenyewe kwa kawaida ni vyako. Soma mkataba wako kabla ya kubishana, kwa sababu mingi ina kipengele cha "matengenezo madogo" kisichotaja kiasi. Omba kiandikwe kwa shilingi.

Sasa andika. Simu ipige kwa adabu, lakini ifuatwe na ujumbe wenye tarehe, mahali, tabia ya tatizo, ulichokwisha kufanya, unachoomba na muda wa fundi kuingia. Mfano:

"Shikamoo mama. Ni mpangaji wa ghorofa ya tatu, mlango namba 12. Tangu Jumatatu dari ya choo inadondosha maji kila jirani wa juu akimaliza kuoga, asipooga haidondoshi. Doa lina upana wa sentimita 60 na limekaribia taa, nimezima breka. Naomba fundi bomba aangalie bomba la maji machafu la bafu la juu kabla ya Ijumaa. Nipo nyumbani kuanzia saa kumi na moja jioni. Jirani wa juu amekubali kufungua. Picha nimeambatanisha."

Sentensi kuhusu jirani usiiache. Fundi akifika na kukuta mlango wa juu umefungwa, umerudi mwanzo.

Baada ya siku tatu bila jibu, kumbusha kwa ujumbe uleule. Baada ya wiki, peleka barua nakala mbili, moja isainiwe kupokelewa ubaki nayo. Usikate gharama kwenye kodi kwa uamuzi wako. Pata kwanza kibali cha maandishi chenye kiasi, kisha tunza risiti ya vifaa na ya ufundi. Anayelipa kodi ya miezi sita mkupuo ana nguvu kubwa zaidi wiki chache kabla ya kulipa, basi orodha ya marekebisho ipeleke wakati huo, fedha ikiwa bado mkononi. Ikishindikana kabisa, serikali ya mtaa huita pande zote mbili, Baraza la Kata hupatanisha, na lisipofanikiwa shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kote picha na ujumbe wenye tarehe ndivyo vitakavyoulizwa.

Siku ya fundi, mwombe akuonyeshe kipande kibovu alichokitoa. Kabla hajaziba ukuta au dari, rudieni jaribio lililoleta tone na muache tundu wazi kwa saa 24. Rangi isubiri. Zege lililolowa huchukua wiki kadhaa kukauka, na doa likipakwa rangi ya maji moja kwa moja hupenya tena hata kama mvujo umekwisha, jambo linalowafanya watu wamlaumu fundi bure. Bandika kipande cha plastiki kwa utepe wa karatasi wenye gundi juu ya doa kwa siku moja: kikipata umande upande wa ndani, bado. Kikiwa kikavu, pakwanguliwe, papigwe kwanza rangi ya mafuta ya kuzuia doa, ndipo ije rangi ya dari.