Jinsi ya kuomba kibali cha maadili ya utafiti bila fomu kurudishwa kila mara

Kama utahoji wanafunzi, wagonjwa au wanakijiji kwa ajili ya tasnifu yako, usiguse fildi kabla ya kibali. Barua ya leo haihalalishi data za jana, utajikuta unatupa rundo zima la madodoso.

Kwanza ulizia utaangukia kundi gani, manake kamati nyingi za maadili, hao wanaotoa kibali, zina ngazi tatu: msamaha (hupitii mapitio), mapitio ya haraka (bila kusubiri kikao) na kikao kizima (kamati yote inakaa). Kama unachambua tu nyaraka za sera zilizo wazi kwa umma, sheria, bajeti, hotuba za bungeni, mara nyingi unapata msamaha, ila usijisamehe mwenyewe, omba barua. Ukigusa watoto, wafungwa au masuala ya UKIMWI jiandae kwa kikao kizima, na vikao vina tarehe zake, ukichelewa siku moja unasubiri kingine.

Afu anza na fomu ya ridhaa, ile mshiriki anayokubali kuhojiwa, sio proposo, yaani andiko la mpango wa utafiti. Najua kila mtu anaanza na proposo, ila fomu ndo itakayokurudisha nyuma. Iseme unatafiti nini, mtu atakaa na wewe dakika ngapi, kuna hatari gani, kwamba anaweza kujitoa muda wowote bila kunyimwa huduma, na ampigie nani akiwa na malalamiko. "Taarifa zako zitatunzwa kwa usiri mkubwa" haimwambii mtu kitu. Andika hivi: "Jina lako halitaandikwa kwenye dodoso, utapewa namba. Orodha ya majina na namba itakaa kwenye faili lenye nywila, na itafutwa utafiti ukiisha." Ukishaandika msomee mtu asiyejua mambo ya chuo, akikuuliza "hapa unamaanisha nini" futa uandike upya.

Kwa watoto mzazi anasaini na mtoto naye anaulizwa, akikataa basi, hata kama mzazi kasaini. Na barua ya mwalimu mkuu inakufungulia geti tu, haikupi ridhaa ya mtu yeyote.

Sasa pale wengi wanapokwama: wewe ni mwalimu unataka kuhoji darasa lako, au nesi unahoji wagonjwa wako, hao watakukataliaje? Andika kabisa kwamba mtu mwingine ndo atawaomba, na wewe hutajua nani kakataa. Usijitetee kwamba ni maswali tu. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 mpaka 1972 wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli, wakanyimwa penisilini hata ilipokuwa tiba ya kawaida, na waliokuwa wanawadanganya ni wahudumu wa afya waliowaamini. Kamati haijasahau.

Kabla ya kutuma fungua mafaili yote kwa pamoja, proposo, dodoso, fomu, uangalie kichwa cha utafiti na idadi ya washiriki. Mimi niliandika 120 kwenye proposo na 150 kwenye fomu, nikarudishiwa kila kitu, wiki tatu zikaenda hivyo hivyo. Sahihi ya msimamizi nayo iombe mapema, wanasafirigi hao.

Maoni yakirudi jibu moja moja, uonyeshe na ukurasa uliorekebisha. Kibali kikitoka angalia tarehe ya mwisho, mara nyingi ni mwaka mmoja, na ukitaka kuongeza hata swali moja kwenye dodoso, lipeleke kwanza kamati.