Kabla hujaikataa kinga ya dereva asiye na bima, Texas

Ukikata bima ya gari Texas, sheria inataka kinga dhidi ya madereva wasio na bima iwemo, mpaka wewe mwenyewe uikatae kwa maandishi. Wengi wetu tumeikataa bila kujua. Wakala anataka kukupa bei ya chini, fomu zinaingia kwenye simu, unatia saini hapa na hapa, basi. Kwa hiyo anza kwa kufungua ukurasa wa kwanza wa bima yako, ule wenye majina ya madereva na viwango vya fidia, utafute herufi UM/UIM, yaani kinga dhidi ya dereva asiye na bima (UM) na dereva mwenye bima isiyotosha (UIM).

Kama hazipo, piga hesabu ya hospitali. Kiwango cha chini anachotakiwa kuwa nacho dereva Texas ni dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na 25,000 kwa mali. Mguu ukivunjika, ukalazwa na kufanyiwa upasuaji, hizo 30,000 haziendi mbali. UIM hujazia pengo hilo, na UM hulipa pale aliyekugonga hana bima kabisa. Unaweza kumshtaki, lakini ukishinda kesi dhidi ya mtu asiye na kitu, utamdai nini? Usijitulize kwamba una bima ya afya. Hiyo italipa matibabu. Mshahara wa wiki ulizolala nyumbani hailipi, na kwa mtu wa ghala anayelipwa kwa saa, kodi ya nyumba haisubiri mguu upone. Kinga hii inafidia pia kipato hicho, na inawahusu abiria wako.

Wenye bima ndogo tu, ile isiyolipia matengenezo ya gari lako mwenyewe, waulizie na sehemu ya mali ya kinga hii. Unatoa dola 250 za mwanzo, kampuni inamalizia matengenezo hadi kiwango ulichonunua.

Aliyegonga akakimbia anahesabiwa hana bima, ila Texas inataka gari lake liwe limegusa lako. Ukimkwepa ukaingia mtaroni bila kuguswa, hulipwi. Mwite polisi palepale.

Ukibeba abiria au chakula kwa programu ya simu, uliza waziwazi, maana bima binafsi nyingi hazihusiki ukiwa kazini.

Mwombe wakala bei mbili, yenye kinga na isiyo nayo, uzilinganishe. Na ukishainunua, usipokee fidia ya mwisho kutoka kampuni ya aliyekugonga kabla kampuni yako haijakubali kwa maandishi. Ukiharakisha, dai lako la UIM linaweza kukataliwa.