Jinsi ya kusoma nyumba iliyopotea pale Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa kale

Ukitoka Mombasa panda matatu ya Mtwapa, ukishavuka daraja uliza njia ya Jumba, chukua boda hadi baharini. Nenda asubuhi, jua likiwa chini kuta zinaonekana vizuri. Usikimbilie picha, kwanza tafuta kizingiti, fuata ukuta, hesabu vyumba, na ukiona kisima ama shimo la choo ujue hapo watu waliishi kabisa, walioga, walipika, tangu miaka ya 1300 hivi mpaka mji ukaachwa karne ya 15. Kuta ni matumbawe na chokaa. Mimi napenda Nyumba ya Milango Mingi, kaa kizingitini kidogo. Vigae, yaani vipande vya vyungu, usiokote wallahi, ndivyo vinavyowasaidia wataalamu kujua umri wa nyumba, ukivihamisha umefuta historia.