Kuunda jopo la wakufunzi wa fiziotherapia ya michezo: nani afundishe nini, na kwa mpangilio gani

Mtaalamu wa fiziotherapia ya michezo hukutana na fani nyingine kila siku ya kazi. Asubuhi anasoma ripoti ya picha za MRI, mchana anajadiliana na kocha kuhusu dakika za mchezaji, jioni yuko kando ya uwanja na begi lake la huduma ya kwanza. Ndiyo maana wanaomfundisha hawawezi kutoka fani moja. Lakini kukusanya mabingwa saba na kumgawia kila mmoja siku yake ya kuhadhiri hakutoshi. Mwanafunzi atatoka na madaftari saba yasiyosemezana, na siku mchezaji atakapomuuliza "nirudi lini?", hatajua afungue lipi.

Anza na maamuzi, kisha tafuta watu

Kabla ya kumpigia mtu simu, andika maamuzi ambayo mhitimu wako atalazimika kuyafanya bila wa kumuuliza pembeni. Shirikisho la Kimataifa la Fiziotherapia ya Michezo (IFSPT) lina orodha ya umahiri 11, kuanzia kinga ya majeraha na huduma ya papo hapo hadi utafiti na vita dhidi ya dawa zilizopigwa marufuku. Itumie kama dira, ila uuvunje kila umahiri uwe maswali ya uwanjani. Huyu aendelee au atoke? Kifundo hiki kinahitaji eksirei? Mzigo uongezwe wiki hii au usubiri? Jambo hili nimwambie kocha, au ni siri ya mchezaji?

Mbele ya kila swali andika fani inayolijibu vizuri zaidi. Hapo ndipo majina yatakapojitokeza, na ndipo utakapogundua kwamba baadhi ya mabingwa uliotaka kuwaalika hawana swali lao. Waache kwanza.

Kiongozi wa jopo awe mfiziotherapia mwenyewe, aliyefanya kazi na timu kwa misimu kadhaa na anayeendelea kutibu. Programu nyingi hukosea hapa: uongozi hupewa mwenye cheo kikubwa kuliko wote, mara nyingi daktari wa upasuaji, na kozi nzima inaelemea chumba cha upasuaji. Kiongozi ndiye anayekata shauri wakufunzi wawili wanapopingana, na ndiye anayekaa darasani hata siku ambayo si yake.

Kwa darasa la watu 12 hadi 16, jopo linalofaa ni hili: wafiziotherapia wa michezo wawili, daktari wa michezo, bingwa wa upasuaji wa mifupa, bingwa wa radiolojia, mtaalamu wa huduma za dharura, kocha wa viungo, mtaalamu wa lishe, mwanasaikolojia wa michezo, mtu anayeyajua vizuri masharti ya dawa zilizokatazwa, na kocha wa timu. Wote hawahitaji saa sawa. Watatu au wanne watabeba nusu ya kozi, wengine watakuja kwa kipindi kimoja kilichoandaliwa vyema. Katika vipindi vya mikono, mkufunzi mmoja asisimamie zaidi ya wanafunzi wanane, kwa sababu kosa la vidole huonekana kwa karibu tu.

Mpeni kila mkufunzi mchezaji yuleyule

Andaeni faili moja la mchezaji wa kubuni na kila fani ilifungue kwa wakati wake. Goti linafaa kuliko jeraha lolote kwa sababu safari yake ni ndefu na hupita mikononi mwa wote. Chukua mchezaji wa miaka 19 aliyetua vibaya, akasikia goti "limekata", likavimba ndani ya saa chache. Ligamenti ya ACL, inayouzuia ugoko usiteleze mbele, imechanika, na meniskasi, gegedu la ndani ya goti, imeguswa.

Siku ya kwanza faili liko kwa mfiziotherapia na daktari wa michezo, nao wanafundisha uchunguzi. Kipimo cha Lachman, cha kuikagua ACL kwa mikono, kinastahili saa nzima peke yake. Goti likunjwe nyuzi 20 hadi 30 tu, mkono mmoja ushike paja juu kidogo ya goti, mwingine ushike mfupa wa ugoko kwa nyuma huku dole gumba likiwa mbele karibu na maungio, kisha ugoko uvutwe mbele. Mwanafunzi husikiliza mambo mawili: umbali wa mwendo, na namna unavyokoma. Ligamenti nzima hukoma ghafla, kama kamba iliyokazwa. Iliyochanika huteleza na kukoma kwa ulaini. Kosa kubwa hapa ni la misuli. Mchezaji akiinua kichwa kuangalia, au paja likiwa linaning'inia bila kuegemea kitu, misuli ya nyuma ya paja hukaza na kuuzuia ugoko, na goti bovu linaonekana zima. Mwenye viganja vidogo aweke goti lake mwenyewe chini ya paja la mchezaji. Tatizo linapungua papo hapo. Kila mwanafunzi apime magoti mazima yasiyopungua kumi kabla ya kuonyeshwa lililochanika, maana asiyejua uzima haujui ubovu.

Kisha faili linahamia kwa daktari wa upasuaji. Mwombe mapema asilete video ya dakika arobaini ya kutoboa mifupa. Mfiziotherapia anahitaji kuisoma ripoti ya upasuaji na kujua itamzuia nini: kipandikizi, yaani kano iliyowekwa badala ya ligamenti iliyochanika, kimetoka wapi, na meniskasi imeshonwa au imepunguzwa? Kipandikizi kikitoka kwenye kano za nyuma ya paja, mazoezi mazito ya misuli hiyo husubiri. Kikitoka kwenye kano ya pia ya goti, tarajia maumivu ya mbele, hasa mchezaji akipiga magoti. Meniskasi iliyoshonwa, mara nyingi daktari ataweka mipaka ya kukunja goti lenye mzigo kwa wiki kadhaa. Aeleze pia kwamba katika miezi ya mwanzo kipandikizi bado hakijakomaa, ilhali mchezaji hana maumivu na anataka kukimbia. Huo ndio wakati wa hatari, na anayemwona mchezaji kila wiki ni mfiziotherapia.

Mwezi wa sita baada ya upasuaji na kuendelea, mfiziotherapia na kocha wa viungo wafundishe pamoja, wote wawili mbele ya darasa. Wapime nguvu za misuli ya mbele ya paja na mruko wa mguu mmoja, walinganishe mguu uliopasuliwa na mzima. Asilimia 90 ya mguu mzima ndiyo kiwango cha chini kinachotumika sana, lakini kina mitego miwili ambayo darasa lazima liione kwa macho. Wa kwanza: mguu mzima nao umelegea kwa miezi ya kukaa, hivyo asilimia inapanda bila mguu mbovu kuwa na nguvu. Dawa yake ni kupima mguu mzima kabla ya upasuaji na kutunza namba hiyo. Wa pili: umbali wa mruko hudanganya, kwa sababu nyonga na kifundo hulibebea goti kazi. Pigeni video kutoka pembeni na mbele, mchezaji huyohuyo anaweza kuruka mbali huku goti likikataa kukunja anapotua. Kurudi kwenye mashindano kusiwe kabla ya miezi 9 tangu upasuaji, na wakufunzi wote waitaje namba hiyohiyo.

Mwanasaikolojia anaingia hapo. Aje na hojaji ya ACL-RSI yenye maswali 12 kuhusu hofu, kujiamini na namna mchezaji anavyopima hatari, afundishe kuisoma na kuamua nani apelekwe kwake. Wako wanaofaulu vipimo vyote vya nguvu na bado hawaliamini goti lao.

Siku ya dharura iwe ndefu

Hapa usibane muda. Mtaalamu wa dharura achukue siku nzima, na nusu yake iwe nje, uwanjani, kwa kelele na kwa begi halisi.

Moyo kusimama: kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, na mashine ya kushtua moyo iletwe mara moja. Kinachokosewa zaidi ni utambuzi. Mchezaji anayeanguka bila kugongwa anaweza kutikisika kidogo au kuhema kwa mikwaruzo, na watu wakadhani ni kifafa. Fundisheni kwamba mchezaji aliyeanguka hivyo, haitikii wala hapumui kawaida, moyo wake umesimama mpaka ithibitike vinginevyo.

Kiharusi cha joto: joto la ndani likivuka nyuzi 40 za Selsiasi pamoja na kuchanganyikiwa, mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Beseni kubwa la maji yenye barafu, mwili mpaka kifuani, kichwa kishikiliwe na mtu. Kipimajoto cha kwapani, mdomoni au sikioni hakitegemeki baada ya mazoezi makali. Kinachotegemeka ni cha njia ya haja kubwa, na mwanafunzi afundishwe namna ya kukitumia kwa heshima na faragha.

Mtikisiko wa ubongo uwe kipindi cha watu wawili, daktari wa michezo na mtaalamu wa dharura. SCAT6, fomu ya kumpimia anayeshukiwa kuwa na mtikisiko, ni ya wenye miaka 13 na zaidi, na wa miaka 8 hadi 12 wana fomu yao. Inachukua dakika 10 hadi 15 kwa uchache, kwa hiyo haiwezi kufanywa haraka haraka kando ya mstari. Na matokeo mazuri ya SCAT6 hayamsafishi mchezaji mwenye dalili. Ukishuku, anatoka, na siku hiyo harudi. Wanafunzi waifanye igizo hili huku kocha halisi akiwashinikiza kwa sauti ya juu. Wengi wanaoijua kanuni kwa moyo huyumba kocha anaposema "ana dakika tano tu".

Fani zinazohitaji muda mfupi

Radiolojia: nusu siku inatosha. Kanuni za Ottawa, za kuamua kama kifundo cha mguu kinahitaji eksirei, zifundishwe kwa vidole: bonyeza ukingo wa nyuma wa sentimita 6 za mwisho za kila jicho la mguu, kitako cha mfupa wa tano wa unyayo na mfupa wa navikula ulio upande wa ndani wa unyayo, kisha uone kama mtu anaweza kupiga hatua nne. Wengi hubonyeza mbele ya jicho, penye ligamenti iliyovimba, wakaagiza eksirei isiyohitajika. Bingwa aonyeshe pia picha za MRI zenye kasoro za watu wasio na maumivu yoyote, ili darasa lijifunze kumtibu mtu na si picha.

Kocha wa viungo ana somo jingine, kiasi cha zoezi kwa kila wiki. Mfano ni zoezi la Nordic la misuli ya nyuma ya paja, ambapo mchezaji aliyepiga magoti hushikwa vifundo na kujishusha mbele polepole. Wiki ya kwanza ni kipindi kimoja cha seti 2 za marudio 5, ya pili vipindi viwili vya seti 2 za 6, ya tatu vipindi vitatu vya seti 3 za 6 hadi 8, na ya nne seti 3 za 8 hadi 10. Kuanzia wiki ya tano ni seti za 12, 10 na 8. Wanaolishindwa ni wale wanaoanzia mwisho: wachezaji wanashikwa na maumivu siku tatu, wanalichukia, linafutwa kwenye ratiba.

Mtaalamu wa lishe afundishe dalili za nishati haba, yaani kula kidogo kuliko mazoezi yanavyodai: hedhi iliyokoma, nyufa za mifupa zinazojirudia, uchovu usioisha. Mfiziotherapia ndiye wa kwanza kuuona ufa wa pili, basi ajue kuuliza kwa upole na kumpeleka mchezaji panapofaa.

Kuhusu dawa zilizokatazwa, mkazo uwe kwenye mambo ambayo mfiziotherapia mwenyewe anaweza kumponza mchezaji kwayo. Orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, huanza kutumika upya kila tarehe 1 Januari, na mchezaji huwajibika kwa kilichomo mwilini mwake hata kama alipewa na mtu aliyemwamini. Dripu inayozidi mililita 100 ndani ya saa 12 imekatazwa nje ya matibabu halali ya hospitali, upasuaji au uchunguzi wa kitabibu, hata ikiwa ni maji ya chumvi.

Kikao cha wiki mbili kabla

Kila mkufunzi alete ukurasa mmoja: namba zote atakazozitaja, maneno atakayotumia, na maamuzi matatu anayotaka mwanafunzi aweze kuyafanya. Zisambazwe, zisomwe kwa pamoja. Kikao hiki huibua mambo kila mara. Daktari anasema barafu siku tatu, mfiziotherapia anasema hapana. Mmoja anasema miezi sita, mwingine tisa. Palipo na ushahidi wa wazi, kubalianeni. Pasipo na ushahidi, mwambieni mwanafunzi wazi kwamba wataalamu wanatofautiana na kwa nini. Asiyekuja kwenye kikao asipewe kipindi, hata awe bingwa wa kiwango gani.

Kupima na kufuatilia

Mtihani uwe wa vituo, dakika 10 kila kimoja, na kila kituo kiwe na watahini wawili wa fani tofauti. Kabla ya siku yenyewe, watahini waangalie video moja ya mwanafunzi, kila mmoja atoe alama kimya, kisha walinganishe. Tofauti ikizidi alama mbili kati ya kumi, karatasi ya kupimia ina kipengele kinachoeleweka vibaya, irekebisheni. Wekeni pia makosa yanayomwangusha mtu bila kujali alama nyingine: kumrudisha uwanjani mwenye dalili za mtikisiko wa ubongo, kuchelewa kuanza kukandamiza kifua, na kumtajia kocha siri ya mchezaji bila ridhaa.

Baada ya miezi mitatu, mwombe kila mhitimu faili moja la mchezaji aliyemhudumia, jina likiwa limefutwa. Lisomwe na wakufunzi watatu: mfiziotherapia, daktari na kocha wa viungo. Watafute sehemu moja, barua au ujumbe aliomwandikia mtaalamu mwingine. Kama haupo, au hausemi alichokiona, alichokifanya na anachouliza, kipindi cha kuandika rufaa kiongezwe saa kabla ya darasa linalofuata.